Mashine ya Oksijeni Ikigoma Nyumbani

Mwezi huu tuzungumze juu ya mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni. Huku kwetu Liparamba mama anayemuuguza mtu wa namna hii hana nafasi ya kubahatisha. Mbinga, Litembo na Liuli zinafikiwa kwa barabara za milima, na masika yanazifahamu kuliko sisi.

Mashine hii huvuta hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21, ikachuja naitrojeni na kutoa hewa yenye oksijeni karibu asilimia 90 au zaidi. Bila umeme haifanyi kazi, kwa hiyo mtungi wa akiba lazima uwepo.

Ikipiga king'ora, mtazame mgonjwa kwanza. Mhamishie kwenye mtungi, ndipo utafute kasoro. Anzia puani uende hadi ukutani. Je, mpira umejikunja au umekanyagwa na mguu wa kitanda? Kifuniko cha chupa ya maji kimekazwa? Chujio limejaa vumbi? Mashine imebanwa na ukuta au pazia? Umeme umepungua nguvu? Chujio la nje lioshwe kila juma kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Ukitaka kujua kama hewa inafika, chovya ncha ya mpira katika glasi ya maji safi. Mapovu yakitoka, hewa inapita. Lakini mapovu hayakuambii kama hewa hiyo ina oksijeni ya kutosha. Ikiwa taa ya onyo inaendelea kuwaka, mwache mgonjwa kwenye mtungi na upige simu hospitali.

Mtungi nao una hesabu yake. Mtungi mdogo wa lita 680, ukitumika lita 2 kwa dakika, hudumu dakika 340, yaani muda wa saa tano na dakika 40. Fanya hesabu hiyo kabla ya kupanda gari, ukikumbuka kwamba gari huweza kukwama.

Koki ikiwa ngumu, usipake grisi wala mafuta ya kupikia. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo huweza kulipuka. Wala usikubali fundi wa kuchomelea akujazie mtungi kutoka kwenye wake. Jiko, kibatari na sigara vikae mbali na chumba hicho.

Usiongeze kipimo alichoandika daktari. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, oksijeni ikizidi huwaletea usingizi mzito na pumzi hupungua. Midomo ikiwa ya bluu, au mgonjwa akishindwa kuamka vizuri, mpeleke hospitali mara moja.

Mwisho, mfundishe mtu mwingine nyumbani, hata kijana wa darasa la saba, namna ya kufungua mtungi. Umeme hukatika hata siku ambayo mama yuko shambani.