Moshi Si Kiungo

Kuna maneno yamenichosha: eti chakula cha stima hakina ladha. Nimeyasikia matangani, nimeyasikia kwenye ruracio, nimeyasikia kwa wageni wa Jumapili walionyoosha sahani waongezewe. Na nimechunguza. Wanaoyasema kwa sauti kubwa zaidi ni watu ambao hawajawahi kukaa saa tatu mwezi wa Julai wakipuliza kuni mbichi. Ladha ya moshi wanaijua vizuri, lakini mtoe mmoja wao nje akauchochee moto uone.

Naitetea sufuria ya presha ya stima, na nitaitetea kwa supu ya kuku, kwa sababu vita viko hapo. Maharagwe na githeri watu wameshakubali, shingo upande. Kuku wa kienyeji ndiye hasa haguswi. Mgeni akichinjiwa jogoo, jogoo huyo sharti aive kwa moto wa kuni, na mtu fulani sharti akae kando yake mpaka aive. Mtu huyo si baba mwenye nyumba.

Supu ninayoisema ni ile nzito, ya viazi, mahindi mabichi na maziwa, ambayo Wamarekani huiita chauda. Kwao ni chakula cha pwani ya kaskazini mashariki, na mara nyingi huipika kwa samaki na kombe. Wengi husema jina hilo limetokana na neno la Kifaransa chaudière, yaani chungu kikubwa cha kupikia. Chakula kimepewa jina la chombo, basi. Sisi nasi neno sufuria tulilipata kwa Waarabu, na leo hakuna anayesema sufuria si ya kwetu kwa kuwa nyanya zetu walipikia chungu. (Wapo wanaosema. Hao nawaheshimu, maana kwa kawaida wanapika wenyewe.)

Tuanze na jambo lisilo na siasa. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Ol Kalou, zinakotoka waru ninazonunua, ni kama digrii 92. Ongeza kuni mpaka msitu wa Aberdare uishe, maji hayo hayatapata joto zaidi ya hapo. Yatageuka mvuke tu yakutoroke. Ndiyo maana jogoo wa miaka miwili, aliyezoea kuzurura boma hadi boma, anaweza kuchemka tangu ibada ianze mpaka wageni watoke kanisani, na bado anavutana na meno. Ukifunga mvuke huo ndani, maji hupita digrii 110 na jogoo anakata tamaa. Denis Papin, Mfaransa, alitengeneza sufuria ya namna hiyo mwaka 1679, akawaonyesha wataalamu wa London jinsi inavyolainisha hata mifupa. Sisi tumeongezewa waya, na kifaa cha kupima joto kinachokata stima chenyewe.

Napika hivi. Kwanza kifuniko kikiwa wazi, nakaanga kitunguu, tangawizi na saumu, kisha vipande vya kuku mpaka vipate rangi ya kahawia. Hapa ndipo ladha inapozaliwa, watu wa moshi sikieni. Vipande vikipauka, hata kuni za mugumo hazitavisaidia. Halafu vikombe vitatu vya maji, basi. Humu maji hayapotei hewani, na anayejaza kama alivyozoea hupata maji ya kuoshea vyombo, kisha analaumu stima. Sufuria isipite theluthi mbili. Nafunga, naweka dakika 40, nikimaliza naiacha ishuke yenyewe robo saa. Ukiifungulia mvuke kwa haraka, supu itarukia ukuta. (Kuku wa gredi msimfanyie hivi. Dakika 40 zitamwacha nyuzi tupu.)

Presha ikishaisha nafungua, natia waru zilizokatwa na mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, nafunga tena dakika tano. Waru zikiingia mapema pamoja na jogoo, utapata uji. Mwishoni naponda baadhi ya waru kwa mwiko zikiwa humohumo, ndizo zinazofanya supu iwe nzito, kisha namimina maziwa kifuniko kikiwa wazi. Maziwa hayafungiwi kwa presha, hushika chini na kukatika. Dania, pilipili manga, chumvi.

Yote hayo huchukua kama saa moja na nusu, na humo mimi huwa nimesimama jikoni dakika 25. Mita ya tokeni huonyesha chini ya yuniti moja. Makaa ya kumwivisha jogoo huyohuyo hunigharimu zaidi ya mara mbili ya hapo, na bado sijahesabu masizi.

Ndiyo, kuna mambo sufuria hii haiwezi. Haichomi nyama. Haisongi ugali, na ukoko haileti. Anayetaka nyama choma awashe makaa, nami nitakuja na kachumbari. Lakini supu ni maji ya moto na muda. Moshi hauingii ndani ya sufuria iliyofunikwa. Huingia kwa aliyekaa kando yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, kutokana na kuni, makaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2. Hesabu hiyo ni kubwa mno kuingia akilini, kwa hivyo nitamtaja mmoja ambaye yu hai. Shangazi yangu alipokwenda kupimwa kifua, daktari alimwuliza amevuta sigara miaka mingapi. Shangazi hajawahi kushika sigara. Amewapikia wanakwaya, wakwe, wafiwa, na wanaume wanaojua ladha ya kuni.

Sasa wauzaji nao, maana wamezidi. Tangazo ni mama mwenye kucha safi akitabasamu kando ya sufuria inayong'aa, na maneno kuhusu ukombozi. Sufuria yenyewe ni maelfu ya shilingi, pesa taslimu, katika nyumba ambayo makaa hununuliwa kwa kopo kwa sababu hakuna pesa ya gunia. Stima ikipotea saa kumi na moja jioni, ukombozi unangoja pamoja na watoto. Wakubwa wetu nao waliotuhubiria nishati safi ndio waliorudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi Julai 2021, wakaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, wakaiondoa 2023. Waliorudi kwenye makaa katikati ya hapo hawakuombwa radhi.

Halafu kuna mwenye nyumba. Ploti nyingi zina mita moja, stima iko ndani ya kodi, na sheria imebandikwa getini: hakuna koili, hakuna heta, hakuna kupika kwa stima. Mmoja niliyempangia zamani alikuwa akipita mlango kwa mlango akisikiliza fyuu ya mvuke. Koili namwelewa, maana hula stima mwanzo hadi mwisho. Lakini bafu lake la maji ya moto, dakika kumi tu, linakula kama kuku wangu mzima na linaweza kumzidi, na hilo aliruhusu kwa kuwa ndilo alilotangazia nyumba. Mpangaji apewe mita yake ndogo, alipe anachotumia, apike anavyotaka. Fundi huifunga kwa siku moja. Nchi ambayo sehemu kubwa ya stima yake hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria haifai kumwogopa mwanamke mwenye mvuke kidogo ndani ya sufuria.

Shangazi tulimchangia sufuria hiyo, mimi na binamu zangu. Wiki ya kwanza aliifungua mbali, amenyoosha mkono kama anayemfungulia ng'ombe mkali. Ugali bado anausonga kwa kuni, na sijambishia. Jogoo humfungia baada ya ibada, huvua viatu na kwenda kulala mpaka isikike ikilia. Mumewe husifu supu hiyo kwa wageni, na huwaambia siri yake ni kuni.