Kichina Hakiambukizwi Mezani

Kila likizo ndefu ikikaribia, vipeperushi ni vilevile. Kundi la wanafunzi limesimama juu ya Ukuta Mkuu pale Badaling, wote wamevaa fulana za rangi moja, na chini ya picha kuna ahadi: wiki tatu nchini China, masomo ya lugha asubuhi, malazi kwa familia za wenyeji, na kijana wako atarudi anazungumza Kichina. Wazazi huamini. Walimu wa lugha, ambao ndio wangepaswa kucheka, hunyamaza.

Imani yenyewe haikuanzia China. Tumeipata kwa kuona. Mgeni kutoka Ulaya huja Unguja, hukaa na familia Mji Mkongwe, na baada ya miezi kadhaa tunamkuta Darajani akipatana bei ya pweza kwa Kiswahili safi. Tunahitimisha kwamba nyumba ndiyo iliyomfundisha. Tunasahau kwamba asubuhi alikuwa darasani, na kwamba Kiswahili humbeba mgeni kwa namna ambayo Kichina hakimbebi: kinaandikwa kinavyotamkwa. Bango la duka hulisoma siku ya kwanza hata kama halielewi, na jioni humuuliza mama mwenye nyumba maana yake. Akiwa Chengdu, nchini China, bango halimwambii kitu. Hajui hata alitamke vipi ili aulize. Orodha rasmi ya herufi iliyotangazwa na serikali ya China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na 3,500 kati ya hizo ndizo za ngazi ya kwanza, yaani zinazotumika zaidi. Hakuna mama atakayekufundisha hizo huku anakaanga mboga. Zinataka daftari, kalamu na usiku mwingi.

Tupige hesabu basi. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, FSI, hukadiria kwamba mtu mzima anayezungumza Kiingereza anahitaji wiki 36 za masomo, kama saa 900, ili akitumie Kiswahili kazini. Kwa Kichina ni wiki 88, saa 2,200. Hao ni watu wanaolipwa mshahara ili wasome. Sasa mchukue mwanafunzi wetu wa likizo: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki tatu. Ni saa 60. Zilizobaki 2,140 zinatarajiwa kutoka wapi? Kwenye bakuli la wali?

Jibu la waandaaji ni kwamba ndiyo, zitatoka nyumbani. Basi tuingie humo nyumbani tuone ni nani yumo. Baba na mama wako kazini mpaka jioni. Mtoto wao wa sekondari ana rundo la kazi za shule na mtihani wa kuingia chuo kikuu unamsubiri; hana muda wa kupiga soga. Aliyepo ni bibi, na bibi wa Chengdu hupika, hucheka na kugombeza kwa lugha ya Sichuan, kama vile bibi wa Shanghai anavyotumia ya kwao na wa Guangzhou Kikantoni. Kwa takwimu za serikali yenyewe, kufikia mwaka 2020 Kichina sanifu kilikuwa kinazungumzwa na asilimia 80.72 ya watu. Karibu mmoja kati ya watano hakukizungumza. Mwanafunzi anasoma lugha moja asubuhi na kusikia nyingine jioni, kisha anashangaa kwa nini masikio yake hayafunguki.

Wazazi wa nyumba hiyo, wakirudi, wana haja yao. Tangu mwaka 2001 China ilielekeza Kiingereza kifundishwe kuanzia darasa la tatu, na mwaka 2021 serikali ikapiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara kwa masomo ya msingi ya shule. Kwa hiyo mgeni anayejua Kiingereza ni mwalimu wa bure sebuleni. Siwalaumu hata kidogo; mimi pia ningefanya hivyo. Lakini kijana wa Nairobi aliyevuka bahari kutafuta Kichina hujikuta mezani akisahihisha insha ya Kiingereza ya mtoto wa mwenyeji.

Kubwa kuliko hayo ni adabu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na walijua walichosema: anayeshika jembe huamriwa, hukosolewa, huulizwa kwa nini amekosea. Mgeni wa wiki tatu wa familia ya Kichina hapewi jembe. Huletewa malapa mlangoni, huongezewa maandazi ya kuchemsha kabla hajaomba, na akitamka salamu mbili tu nyumba nzima husifu Kichina chake. Ni ukarimu wa kweli, na ndio unaomnyima lugha. Kichina ni lugha ya toni. Ukikosea toni umesema jambo jingine, na anayekupenda na kukustahi hatakukatiza mara kumi katika sentensi moja. Mazungumzo yakikwama, kila mmoja hutoa simu na programu ya kutafsiri humaliza kazi. Watu wawili wameelewana na hakuna aliyejifunza chochote.

Halafu kuna kundi. Ukitaka kijana asijifunze lugha, msafirishe na wenzake ishirini. Ndani ya basi ni lugha ya nyumbani, kwenye foleni ya Mji Uliokatazwa ni lugha ya nyumbani, usiku kwenye simu ni lugha ya nyumbani. Mwaka 2004 watafiti Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey walichapisha utafiti juu ya Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa. Walilinganisha waliobaki darasani kwao, waliokwenda Ufaransa, na waliobaki Marekani lakini katika kambi kali ya lugha. Waliopiga hatua kubwa zaidi katika ufasaha wa kuzungumza ni wale wa kambini. Waliokwenda Ufaransa, nje ya darasa, walitumia Kiingereza kuliko Kifaransa. Ikiwa Paris haikuweza kumfundisha mtu Kifaransa kwa hewa tu, sioni Beijing itawezaje Kichina.

Wachina wenyewe hawaiamini hadithi hii. Mwaka 1962 walianzisha Beijing chuo mahsusi cha kuwaandaa wanafunzi wa kigeni kilugha, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing. Na hadi leo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayepewa ufadhili wa serikali ya China ili asome kwa Kichina, kama hana cheti cha lugha, huwekwa kwanza darasani mwaka mzima wa maandalizi. Hawamwambii akapange kwa familia, atashika tu. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ni ushahidi mwingine: wapo walioishi pale miaka, wanajua bei, wanajua kukataa, na bado mpatano hukamilika kwa kikokotoo na mkataba husomwa na mtu mwingine.

Kukaa na wenyeji kuna faida, ila inamfikia aliyefika na kitu mkononi. Mwenye maneno elfu moja akikaa meza ileile hunasa utani wa bibi, huuliza, hubisha. Asiye na maneno hula. Kwa hiyo safari hizi zigeuzwe kichwa chini: mtihani wa Kichina wa HSK kwanza, safari baadaye, mwanafunzi mmoja kwa kila familia, na ikiwezekana miezi badala ya wiki, kiapo cha kutozungumza lugha ya nyumbani, kama programu kali za lugha zilizopo Beijing zinavyofanya, na mwenyeji anayeambiwa waziwazi kwamba kazi yake ni kusahihisha.

Mzazi, kabla hujalipa, muulize mwandaaji mtoto wako atatakiwa kujua Kichina kiasi gani kabla ya kupanda ndege. Akikujibu kwamba hahitaji kujua chochote, atajifunzia hukohuko, basi anachokuuzia ni utalii. Mlipe bei ya utalii.