Hesabuni Kwanza

Imekuwa mazoea miongoni mwetu, wapenzi wa vina na mizani, kuyaita mashairi huru guni, au nathari iliyokatwakatwa. Mimi nami nimo katika waliopiga kelele hizo. Nimetunga tarbia na tenzi tangu ujana bila ya mwalimu isipokuwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, na kwa miaka mingi niliamini kwamba pasipo kina hapana shairi. Leo nawapinga wenzangu, nami najipinga mwenyewe, kwa sababu ya kishairi kimoja cha maneno 16.

Mtungaji wake ni William Carlos Williams, daktari wa mji wa Rutherford, New Jersey, nchini Marekani. Alikitoa mwaka 1923 katika kitabu chake Spring and All, bila ya anwani, kwa nambari tu. Baadaye kikajulikana kwa jina la The Red Wheelbarrow. Ndani yake mna toroli jekundu, maji ya mvua yanayoling'arisha, na kuku weupe kando yake. Na mna dai moja zito, kwamba mambo mengi yameegemea hapo. Basi. Hamna mtu, hamna mzigo, hamna wasia.

Mkosoaji wa kwetu atauliza: sheria iko wapi? Namwomba ahesabu. Beti ni 4, na kila ubeti una mishororo 2. Mshororo wa juu una maneno 3, wa chini neno 1, wala mpango huo hauvunjwi hata mara moja. Neno la chini kila mara lina silabi 2. Jumla ya silabi kwa ubeti ni 6, 5, 5, 6. Anayeuita mpango huu ulegevu, na atuletee diwani yake tuipekue, tuone mizani ngapi zimechopoka.

Tena kuna mkato. Jina la Kiingereza la toroli limeundwa kwa maneno mawili, gurudumu na kibebeo. Williams amelipasua mwishoni mwa mshororo, kwa hiyo jicho huona wekundu, kisha gurudumu, ndipo likaona chombo kizima. Maji ya mvua nayo, ambayo Waingereza huyaandika neno moja, ameyapasua vivyo hivyo. Kazi ambayo kwetu hufanywa na kina cha kati, kumsimamisha msomaji katikati ya pumzi, pale hufanywa na mkato.

Nilikifasiri kishairi hiki hapa Mofu, katika bonde la Kilombero. Mara ya kwanza nilikitia katika ubeti wa tarbia, mishororo 4 yenye mizani 16 kila mmoja. Silabi 22 za Williams zikawa 64! Katika zile 42 za ziada nilimweka mzee mwenye toroli, gunia la mpunga, na nasaha juu ya kazi. Vina vilikuwa safi, ila shairi lilikuwa maiti. Nilimsomea kijana jirani yangu, ambaye wakati wa mavuno hujipatia riziki kwa kusukuma toroli. Akaniitikia kwa adabu, "Maneno mazuri, mzee wangu," akarudi kwenye shughuli zake.

Baada ya siku kadhaa nikamsomea tafsiri kavu, isiyo na nyongeza. Akanyamaza. Kisha akauliza: "Lilikuwa limebeba nini?" Na kabla sijajibu: "Kama limelowa hivyo na kuku wameshatoka, mvua imekatika sasa hivi. Mwenyewe yuko wapi?"

Sijasoma uhakiki uliokifikia kishairi hiki kwa karibu kuliko maswali hayo mawili. Mwenyewe, kwa hakika, alikuwapo: Thaddeus Marshall, Mmarekani Mweusi, mchuuzi wa mboga wa mji uleule wa Rutherford, ambaye kaburi lake lilikaa bila ya alama hadi mwaka 2015. Williams hakumtaja. Ametuachia toroli, tumtafute.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya bara. Hoja hiyo haina miguu. Huyo Amri Abedi tunayemshika kama msahafu alikuwa mtu wa Ujiji, na Alamin Mazrui, aliyetia mashairi huru katika Chembe cha Moyo mwaka 1988, ni mwana wa Mombasa. Kezilahabi naye, aliyetukanwa sana kwa Kichomi ya mwaka 1974, alizaliwa kisiwani, japo Ukerewe haizungukwi na maji ya chumvi. Na wale wanaojificha nyuma ya jina lake, wakikata sentensi popote kalamu ilipochoka, nao wahesabu. Wengi wao hawajui kwa nini mshororo wao umekoma pale ulipokoma.

Tafsiri yangu bado haijakamilika. Kiswahili hutanguliza jina, rangi ikafuata. Kwa hiyo "jekundu" nimeliacha peke yake katika mshororo wa chini, na lile "je-" linalishika toroli lisipotee. "Weupe" nalo limekaa peke yake. Yote mawili yana mizani 3, nikasema hiyo ndiyo iwe sheria yangu badala ya zile 2 za Williams. "Mvua" ndiyo iliyonikwamisha, kwa kuwa ina 2 tu. "Manyunyu" yanatimiza hesabu, lakini hayawezi kuling'arisha toroli. "Masika" pia inaenea barabara. Ila hapa Mofu maji ya masika hayaling'arishi toroli, hulizamisha.