Kufuli haimulishe mwenye kutengeneza

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote muko,

Kuko watu watasema: "Inchi iko na shida nyingi, na ninyi munaandika ju ya michezo ya video?" Ndiyo, tunaandika, ju hii ni kazi. Kuko vijana wenye diploma ya informatike, wenye kujua kuchora, wenye kujua kutunga muziki, wako wanakaa nyumbani wanangoja. Hii kazi inaomba mashine moja, umeme, na akili. Lakini njia yake iko na kufuli nyingi, na tunataka kila mtu ajue ziko wapi.

Tunasema juu ya nyongeza. Mtu anachukua mchezo wenye kampuni fulani imetengeneza, anaongeza ndani muji mupya, ndege mupya ao hadithi mupya, kisha anauzisha ile nyongeza. Sisi tunataka iuzishwe bila kufuli: mwenye kununua anaweka faili ku mashine yake, anacheza, basi. Hakuna kuomba intaneti ruhusa kila mara. Sababu munaijua. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa ku inchi nzima karibu siku 20. Mchezo wenye kuomba ruhusa ku intaneti, hizo siku zote ni feza iliyokufa. Hata bila uchaguzi, mega zikiisha, ni vile vile.

Sasa, nini inazuia?

Kwanza, sheria. Mwaka 1996 mchezo Duke Nukem 3D ulitoka Marekani, pamoja na programu ya kumusaidia mchezaji kujenga sehemu zake mwenyewe. Wachezaji wakajenga, wakagawa bure. Kampuni Micro Star ikakusanya sehemu 300 ku CD moja, ikaiita Nuke It, ikauzisha. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema hapana: hata kama zile faili hazibebe picha za mchezo wenyewe, zinaendeleza hadithi ya Duke, na haki ya kuiendeleza ni ya mwenye mchezo. Micro Star hatuililie, ilikuwa inauzisha jasho la wengine. Lakini ile hukumu inagusa hata mwenye kujenga kwa mikono yake. Kwetu pia, sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1986 inalinda mtunzi wa kwanza. Kijana wa Bukavu akitaka kuuzisha nyongeza yenye V.Club na Mazembe ndani ya mchezo wa mpira, atahitaji ruhusa ya kampuni ya mchezo, tena ruhusa ya timu juu ya majina na alama zao. Nani atamujibu barua?

Pili, mlango ni moja na mwenye mlango anajikatia kubwa. Mwezi wa 4 mwaka 2015, Valve na Bethesda walifungua uuzaji wa nyongeza za Skyrim ku duka la Steam. Mwenye kutengeneza alikuwa anapata 25 kwa mia. Ile 75 ilikuwa yao. Wachezaji wakapiga kelele, na kisha siku 4 tu mambo ikafungwa, feza ikarudishwa. Wengi walishangilia. Sisi tunauliza: mwenye kazi alipata nini? Jana 25, leo sifuri. Kosa haikuwa kulipisha. Kosa ilikuwa kugawa vile.

Tatu, nyumba si yako. Nyongeza inasimama juu ya mchezo wa mwingine, na mwenye nyumba anaweza kusogeza ukuta wakati anapenda. Fallout: London, kazi kubwa ya watu wa kujitolea, ilikuwa itoke mwezi wa 4 mwaka 2024. Bethesda ikabadilisha Fallout 4 mu ile juma, na kazi ikangoja mpaka mwezi wa 7. Ikapita ku GOG, duka la Poland lenye kuuzisha michezo bila kufuli tangu 2008. Pale mchezaji anaweza kubaki na mchezo wa zamani, hakuna mtu wa kumubadilishia kwa nguvu. Lakini muangalie: ile nyongeza ni ya bure. Kutengeneza walitengeneza, kuuzisha hawakuuzisha.

Inne, woga wa wizi. Hapa tuseme ukweli: kwetu flashi moja inazunguka avenue nzima. Mwenye kutengeneza ana haki ya kuogopa. Lakini woga unapeleka mbali. Mwezi wa 2 mwaka 2018, kampuni Flight Sim Labs, yenye kuuzisha ndege ya A320 ya kuongeza ku michezo ya kurusha ndege, ilikamatwa imeficha ndani programu ya kuchukua maneno ya siri ya mtu. Ikasema inatafuta mwizi tu. Lakini ile programu ilifika pia ku mashine za wenye kulipa. Njo kufuli vile: mwizi anaivunja, na muteja muzuri njo anabaki nayo. Ku upande mwingine, The Witcher 3 iliuzishwa pia bila kufuli tangu siku ya kwanza mwaka 2015, na haikuizuia kupita nakala milioni 50.

Tano, kulipa. Wengi wetu tuko na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ku simu, lakini karti ya benki hatuna. Mtu anataka kununua, hakuna njia. Kisha wanamuita mwizi.

Njo maana tunaomba mambo matatu. Kampuni za michezo ziandike wazi, ku karatasi moja yenye kueleweka, nani anaweza kuuzisha nyongeza, wapi, na kwa fungu gani. Na nusu kwa mwenye kazi haiko nyingi. Maduka ya michezo yapokee feza ya simu. Na sisi wenyewe, vijana, tuache kusema "ni faili tu". Nyuma ya ile faili kuko mtu kama wewe, mwenye kukaa usiku, mwenye kungoja umeme urudi. Tukikataa kufuli, tulipe. Tusipolipa, tutakuwa tumewapa sababu ya kuleta kufuli ingine, kubwa kuliko hii.