Kazi za mikono: Ndeke iliyotua juu ya mto

Leo ninawaandikia kutoka Kisangani juu ya kazi iliyonichukua miezi mitano: kutengeneza ndege ndogo kwa kufuata mchoro wa zamani. Usinicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, na wewe pia utatafuta wembe na kole.

Mambo yalianza na mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano. Mkubwa wake alikwisha kwenda kwenye machimbo ya almasi upande wa Banalia, na huyu mdogo alikuwa anakaa tu mlangoni, anangoja kuitwa. Siku moja akaniambia: «Mjomba, nataka kutengeneza ndeke, ile kubwa ya askari, C-130. Mchoro yake niko nayo.» Nikafurahi. Mama yangu, yaani koko yake, alikuwa anachambua sombe karibu nasi. Akaacha mikono ndani ya kitunga, akasema: «Ile ndeke haitaingia mu nyumba yangu.»

Ninyi mnaokaa Kolwezi ao Likasi pengine hamtamwelewa upesi. Mama alikuwa na miaka minane tarehe 24 Novemba 1964. Asubuhi ile ndege za C-130 za Marekani zilipita chini juu ya mji na kuwaangusha askari wa parachuti wa Ubeljiji kwenye kiwanja cha Simisini. Siku zilizofuata watu wengi walikufa, weupe na weusi, na weusi hakuna aliyewahesabu vizuri. Tena mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na yeye alilala chini ya kitanda pamoja na wajukuu. Kwake yeye, sauti ya ndege haina kitu kizuri. Mimi sikubishana naye. Kijana ndiye alikasirika, akatoka nje.

Basi nikakumbuka karatasi moja niliyoachiwa na padri mzee, kopi ya mchoro wa ndege ya Kifaransa iitwayo Lévy-Lepen. Haina magurudumu. Tumbo lake ni mtumbwi, mabawa yake ni mawili, moja juu ya lingine, na motere ya Renault ya nguvu za farasi 300 hivi inakaa katikati ya mabawa, elisi ikitazama nyuma. Ndege hiyo ilifika hapa kwetu kweli. Mwaka 1920 Wabeljiji walianzisha LARA, njia ya ndege yenye jina la mfalme wao Albert. Tarehe 1 Julai 1920 ilianza kutoka Kinshasa mpaka Ngombe, mwaka uliofuata ikafika Lisala, na tarehe 1 Julai 1921 ikafika Kisangani, wakati ule mji ukiitwa Stanleyville. Kiwanja cha kutua hakikuwako. Mto ndio ulikuwa kiwanja, na mto ndio ulikuwa njia pia, maana rubani aliufuata kwa macho. Haikudumu. Mwezi wa sita 1922 yote ilisimamishwa.

Nikamwonyesha mama. Akavaa miwani.

«Na hii ilikuya kufanya nini hapa?»

«Ilileta barua, mama.»

«Barua ya nani?»

«Ya wazungu.»

«Basi hawakutuandikia sisi.» Akarudisha karatasi. Lakini hakusema hapana, na katika nyumba yetu hiyo ni ruhusa.

Sasa tuingie kazini. Kitu cha kwanza, usiamini kopi. Mashine ya kopi inavuta karatasi upande mmoja. Ndege ya kweli ilikuwa na mabawa ya metre 18,50 na urefu wa metre 12,40. Juu ya karatasi yangu mabawa yalikuwa sentimetre 23, kidogo zaidi, maana yake kila sentimetre 1 ni sentimetre 80 za kweli. Kwa hesabu hiyo urefu ungekuwa sentimetre 15 na nusu. Tulipopima tulipata 15 tu! Kama tungefuata vile vile, tungepata ndege yenye pua fupi. Kwa hiyo tulichora miraba midogo juu ya mchoro, tukachora miraba mikubwa juu ya karatasi ya simenti, na tukahamisha mistari mraba kwa mraba, huku tukirefusha ile ya urefu. Tulichagua kipimo cha moja kwa ishirini: mabawa sentimetre 92 na nusu, tumbo sentimetre 62. Kijana aliyeshindwa hesabu darasani alifanya hesabu hizi zote kwenye kaye yake, bila mimi kumsukuma. (Sikumwambia kwamba ni hesabu.)

Mti. Ulaya wanatumia balsa. Sisi tuna kombokombo, ule mti wenye majani kama mwavuli unaoota haraka katika mashamba yaliyoachwa. Ni mwepesi sana, wavuvi wanaufanya vielezo vya nyavu. Lakini ukiukata leo na kuuchonga leo, kesho utapasuka. Uanikeni juu ya jiko, kwenye moshi, mwezi mzima, wala si juani. Mbavu za mabawa tulizikata katika mabondo, yaani rafia, kwa wembe mpya. Wembe wa zamani unararua. Nguzo kati ya mabawa ni vile vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli, tulivyoombea kwa mtu wa toleka.

Juu ya mabawa tulibandika karatasi laini. Baada ya kubandika unainyunyizia maji kidogo, na ikikauka inajivuta kama ngozi ya ngoma. Inapendeza macho! Hapo ndipo nilipokosea. Kole yangu ilikuwa ya bunga la mihogo, kwa sababu ni ya bure. Usiku wa tatu mende walikula bawa lote la kushoto, wakaacha mbavu tu. Nikamkuta kijana asubuhi amekaa mbele yake, hasemi kitu, na begi yake ya machimbo iko karibu na mguu. Nilidhani nimempoteza. Mama ndiye aliyekuja na pilipili kavu aliyoisaga. «Tia mu kole,» akasema. «Sisi tulifanya vile na vitabu vya shule.» Tulitia, tukapaka verni juu yake, na mende hawakurudi. Begi ilikaa pale siku nne, kisha sikuiona tena.

Kuhusu motere: iko juu na nyuma, kwa hiyo ndege inataka kukaa kitako. Tuliiweka ndani ya beseni, mkia ukazama. Tulitoboa pua, tukatia vijiwe kimoja kimoja mpaka tumbo lilipolala sawa juu ya maji, kisha tukaziba. Fanyeni hivyo kabla ya kupaka rangi, si nyuma. Tena pimeni vielezo viwili vidogo vilivyo chini ya ncha za mabawa: chetu kimoja kilikuwa kizito zaidi, na ndege iliinama kama mlevi.

Sasa imening'inia kwa uzi katika salon, juu ya kiti cha mama. Wageni wakiuliza, anawajibu yeye mwenyewe: «Hii ni ile ya mto, si ile ya vita.»

Ninajua Katanga hakuna kombokombo. Tumieni matete kwa mbavu, na kartoni ngumu kwa tumbo, mkiibandika tabaka nne. Lakini kartoni inakunywa maji. Ipakeni rangi ya mafuta mara tatu, ndani na nje, na ngojeni ikauke kabisa kila mara kabla ya kuigusisha beseni.