Haya Isituvunjie Ndoa



Anayefika ofisi ya msikiti kuomba barua ya kwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa huja na sababu iliyo tayari: mke hanisikilizi, mume hanijali. Kijana mmoja aliyeteremka kutoka milima ya Uluguru, ndoa yake ikiwa haijatimiza mwaka, alisema vivyo hivyo. Nilipomuuliza kwa faragha, alikiri kuwa tangu usiku wa harusi hawajaweza kukutana kimwili. Mkewe alidhani hapendwi. Yeye alidhani amerogwa. Ninasimulia kwa idhini yao.

Wengi hunyamaza kwa hoja ya haya. Ni kweli, Mtume (s.a.w.) amekataza kutangaza siri za chumbani. Lakini kutafuta tiba si kutangaza. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mwanamke aliyeachwa na Rifaa alimweleza Mtume (s.a.w.) waziwazi upungufu wa mumewe wa pili. Khalid bin Said, akiwa mlangoni, alitaka akemewe. Mtume (s.a.w.) alitabasamu tu.

Je, ushauri nasaha hufanya nini? Mshauri huwasikiliza wote wawili, pamoja na mmoja mmoja. Huwaelekeza kwanza kwa daktari, kwani kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa hudhoofisha nguvu, na majeraha ya uzazi huleta maumivu. Kisha hushughulikia hofu. Mume akishindwa mara moja huanza kujichunguza, na kujichunguza huko humfanya ashindwe tena. Hivyo huambiwa waliache tendo kwa muda, wazungumze na kushikana mikono bila kudaiana kitu. Njia waliyoieleza William Masters na Virginia Johnson wa Marekani mwaka 1970. Hofu ikipungua, mwili hutulia.

Wazee wetu waliijua nguvu ya mazungumzo, ndiyo maana mwali alipewa somo. Bwana harusi je, nani humfunda?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, na Surat An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza wasuluhishi kutoka pande zote mbili. Lakini hakuna awezaye kusuluhisha lisilosemwa. Masheikh na wazazi, tuulize kwa faragha kabla ya kuandika barua.

Ile ya kijana yule sikuiandika. Yeye na mkewe sasa wanahudhuria ushauri pamoja. Allah (s.w.) awape utulivu. Amin.