Mvinyo wa Rioja Hauhukumiwi Bila Sahani

Wako watu, tena mabingwa wa kusifiwa, wadaio kwamba mvinyo sharti upimwe peke yake: huonjwa kidogo, huzungushwa kinywani, hutemwa, kisha hupewa alama. Desturi hii ilipata nguvu kubwa baada ya mwaka 1978, Robert Parker wa Marekani alipoanzisha jarida lake na kuieneza mizani ya alama 100. Kwa mvinyo mwekundu wa Rioja, kaskazini ya Hispania, mizani hiyo ni ya kombo.

Rioja nyekundu ya jadi aghalabu ni mchanganyiko. Zabibu ya Tempranillo ndiyo nguzo. Garnacha huongeza unono na ladha ya matunda. Graciano huleta uchachu na manukato. Mazuelo huzidisha ukakasi na rangi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha mchanganyiko huo hulazwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Uitwao Crianza hukomaa kwa muda usiopungua miaka 2, na mmoja kati yake ni wa pipani. Gran Reserva hungoja miaka 5, na 2 kati yake ni ya pipani. Taabu yote hiyo haikufanywa kwa ajili ya mate ya mwonjaji.

Sasa na itazamwe kazi ya kinywa. Kiswahili kina neno lake barabara: ukakasi, ule ule umpatao mla bibo. Tanini za mvinyo hushikamana na protini za mate, ulimi ukakauka. Aonjaye bila chakula hukutana na ukakasi huo mtupu, akauhesabu kuwa kasoro. Lakini nyama yenye mafuta huulainisha, chumvi hupunguza uchungu, na uchachu uliokuwa ukichoma hupata kazi yake, nayo ni kukata mafuta. Watu wa Rioja huchoma mbavu za mwana-kondoo juu ya makaa ya matawi makavu ya mizabibu. Mmea mmoja hutoa moto na kinywaji pia. Hapo ndipo penye mtihani wa haki.

Wala isidhaniwe kwamba kanuni ya kuitia nyama yoyote kando ya mvinyo mwekundu yatosha. Crianza huchukuana vizuri na viazi vilivyopikwa kwa chorizo, soseji yenye pilipili nyekundu iliyosagwa. Gran Reserva ya miaka mingi, ambayo ukakasi wake umekwisha kupoa, hufunikwa na viungo vingi. Hiyo hutaka nyama ya kuoka iliyo sahili, au uyoga. Na pilipili kali haimfai hata mmoja, maana kileo huzidisha mwako wake.

Yamkini mtetezi wa alama atajibu kwamba chakula humpotosha mwamuzi. Ana haki kwa jambo moja: kizibo kilichooza na mvinyo uliogeuka siki hutambulikana vyema bila chakula. Lakini kukagua kasoro si kuhukumu ubora. Nguo hukaguliwa mshono mezani pa fundi. Kama yampendeza mtu, hujulikana ikivaliwa.

Madhara ya kosa hili si ya maneno tu. Katika miaka ya 1990 baadhi ya watengenezaji wa Rioja waligeukia mvinyo mzito, wenye rangi ya kiza na mwaloni mpya mwingi. Mvinyo wa namna hiyo hushinda katika tone moja la kuonja, bali huchosha kabla ya sahani kwisha. Leo Tempranillo imeshika zaidi ya robo tatu ya mashamba, na Garnacha, iliyokuwa imeenea sana, imebaki sehemu ndogo. Mchanganyiko hauwezi kudumu iwapo wenziwe Tempranillo wang'olewa.

Basi atakaye kuihukumu Rioja na akate mkate kwanza, akae kitako, ale. Alama itolewayo kabla ya hapo ni hukumu iliyokatwa kabla shahidi hajaitwa.